Nilinunua hadithi ya meli, nikabaki na sarafu

Muuzaji alikuwa mzee mpole, mezani ana taa na mizani ndogo. Akanisogezea sarafu ya dola 10 ya Wass, Molitor & Co. (watengenezaji binafsi wa sarafu za dhahabu huko California) ya mwaka 1855, akasema kwa sauti ya chini: "Hii ilizama na meli SS Central America, imelala chini ya bahari zaidi ya miaka 130." Nikalainika papo hapo. Nililipa bei kubwa kuliko ya sarafu kama hiyo isiyo na hadithi, na nilichopewa ni risiti ya mkono tu.

Nilipoipeleka kwa kampuni ya ukaguzi wa sarafu, jibu lilikuja: sarafu ni halali, lakini jina la meli hatuliandiki kwenye lebo. Hakuna cha kuonyesha ilitoka huko. Ile nyongeza niliyolipia bahari, kwaheri.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama na wewe umeshaumwa na mdudu huyu wa kukusanya sarafu, anza na historia kabla hujatoa pesa. Dhahabu ilipogunduliwa California, vumbi la dhahabu lilikuwa shida kufanyia biashara, na kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu kilifunguliwa San Francisco mwaka 1854 tu. Katikati hapo watu binafsi walijitengenezea: Moffat, Baldwin, Wass Molitor, baadaye Kellogg. Si wote walikuwa waaminifu. Mwaka 1851 sarafu za Baldwin zilipopimwa zilikutwa na upungufu wa takriban asilimia 3 ya thamani iliyoandikwa. Wafanyabiashara wakazikataa, nyingi zikayeyushwa, na ndiyo maana leo zile za punjo ni adimu na ghali kweli. Mimi hucheka kila nikiliwaza hilo.

Sasa meli. SS Central America ilizama kwenye kimbunga Septemba 12, 1857, mbali na pwani ya Carolina, ikiua zaidi ya watu 400. Iligunduliwa mwaka 1988, kina kinachozidi mita 2,000. Sarafu zake nyingi ni za dola 20 za kiwanda cha San Francisco za 1857, zaidi ya 5,000. Za watu binafsi ni chache. Mtu akikuambia anayo, mwambie akuonyeshe kasha la plastiki lililofungwa na kampuni ya ukaguzi, lenye jina la meli kwenye lebo. Hana? Lipia sarafu, usilipie bahari.

Kuna mtego mwingine. Mwaka 2001 vipande vya dhahabu kutoka meli hiyohiyo viliyeyushwa, vikapigwa sarafu za dola 50 za muundo wa Kellogg zenye mwaka 1855. Dhahabu ni ya melini kweli, sarafu ni ya juzi. Tafuta jina la meli na herufi C.H.S. juu yake. Si mbaya kuwa nayo, mradi usilipe bei ya sarafu ya zamani.

Na usisugue! Dhahabu hailiwi na chumvi kama fedha, lakini kutu ya chuma cha meli huweza kuigandia. Mkono wako na mswaki huacha mikwaruzo inayoonekana chini ya lenzi.

Mwaka uliofuata nilimkuta yule mzee kwenye meza ileile, akimsimulia kijana mmoja habari za meli. Nilisimama nikasikiliza hadi mwisho. Anaisimulia vizuri bado.