Kuirusha saa kila dakika kumi si kuilinganisha

SWALI: Mhandisi, pokea salamu kutoka Moshi. Ninasimamia kompyuta za kiwanda cha kukoboa kahawa, ambako tuna seva mbili, kompyuta zipatazo ishirini, kamera za getini na kompyuta ya mizani ya malori. Kila kifaa kina saa yake, na tofauti zilikuwa zikifika hata sekunde arobaini, kiasi kwamba rekodi zilionyesha lori limepimwa kabla halijaingia getini, na mkaguzi ameanza kuuliza maswali. Fundi mmoja alituwekea katika kila kompyuta amri ya kuvuta saa kutoka intaneti kila baada ya dakika kumi. Tofauti zimepungua lakini hazijaisha, na sasa hifadhidata hugoma mara kwa mara ikidai kwamba muda umerudi nyuma. Fundi wa pili anashauri tununue vifaa vya PTP, itifaki ya kulinganisha saa kwa kutumia kadi na swichi maalumu, ili tupate usahihi wa nanosekunde. Tumsikilize yupi?

JIBU: Ndugu msimamizi, usimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Wa kwanza ndiye anayenikera zaidi, kwa sababu kazi ya aina yake ninaikuta karibu kila ofisi ninayoitwa hapa Arusha, kuanzia hoteli za watalii hadi zahanati, na kila mara aliyeifanya amekwisha kulipwa na kuondoka.

Saa ya kompyuta huhesabu mitetemo ya fuwele ndogo ya kwatzi, na hakuna fuwele mbili zinazotetema kwa kasi ileile kabisa. Fuwele inayokosea kwa sehemu 20 tu katika milioni huikimbiza au kuichelewesha saa kwa sekunde 1.7 hivi kwa siku, na kasi hiyo hubadilika kadiri joto linavyobadilika. Kwa hiyo kompyuta iliyomo katika kibanda cha mizani kilichoezekwa kwa bati, kinachochemka mchana na kupoa usiku, haiwezi kwenda sawa na seva iliyo katika chumba chenye kiyoyozi. Kilichoharibika hapo ni mwendo wa saa, na muda usio sahihi unaouona kwenye skrini ni matokeo yake tu. Amri ya fundi wako haiugusi mwendo huo hata kidogo: inasoma muda wa mbali, inairusha saa mpaka hapo, kisha inajifunga bila kukumbuka chochote, na dakika kumi baadaye inalikuta kosa lilelile limezaliwa upya. Mwanafunzi anayepewa jibu mwishoni mwa kila hesabu hatajua kukokotoa, na saa yako imefanywa mwanafunzi wa namna hiyo mara 144 kwa siku.

Saa iliyotangulia ikirushwa nyuma, sekunde ambazo zimekwisha kupita hupita tena, na rekodi iliyoandikwa baadaye hupata muda ulio nyuma ya rekodi iliyoitangulia. Hifadhidata yako ina haki ya kugoma. Haina ugonjwa wowote, na ninaomba usikubali kuuziwa toleo jipya kwa sababu hiyo.

Itifaki ya NTP, yaani kanuni za kompyuta kuulizana saa kupitia mtandao, ambayo David Mills, aliyekuja kuwa wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani, aliitolea waraka wake wa kwanza mwaka 1985 na ambayo toleo lake la nne lilichapishwa mwaka 2010, iliundwa kufanya jambo jingine kabisa. Programu inayoitekeleza hukaa macho muda wote, hupima kosa mara nyingi, hukadiria fuwele inakosea kwa kiwango gani, kisha huiongezea au kuipunguzia saa mwendo kidogo kidogo bila kuirudisha nyuma. Programu ya zamani ya ntpd huunyoosha mwendo kwa kiwango kisichozidi sehemu 500 katika milioni, maana yake kosa la sekunde moja, likinyooshwa hivyo, lingechukua zaidi ya nusu saa kwisha. Mafundi wengi hapo ndipo wanapokata tamaa, wanadai kwamba NTP haifanyi kazi na kurudia amri yao ya kurusha, ilhali uchelewaji huo ndio unaoilinda hifadhidata.

Sasa kuhusu tofauti zilizobaki. Kompyuta inayouliza saa huandika wakati swali lilipoondoka, seva huandika wakati lilipofika na wakati jibu lilipoondoka, na kompyuta huandika wakati jibu lilipowasili. Kwa namba hizo nne hukokotolewa kosa, kwa kuchukulia kwamba kwenda kulichukua muda sawa na kurudi. Dhana hiyo isipokuwa kweli, kosa la makadirio linaweza kufika nusu ya safari nzima: safari ya milisekunde 160 inaweza kukupotosha kwa hadi milisekunde 80. Kwenye laini ya simu, ambako kupakia huwa kwa kasi ndogo kuliko kupakua, na hasa wakati picha za kamera zinapotumwa nje, swali lako hukaa foleni huku jibu likirudi upesi. Programu kamili ya NTP hujikinga kwa kuweka sampuli nane za mwisho na kuiamini zaidi ile iliyosafiri kwa muda mfupi, ilhali amri ya fundi huchukua inachokikuta wakati huo. Na kwa kuwa kompyuta zako ishirini hutoka kila moja kwa wakati wake kwenda kuuliza ng'ambo, kila moja hurudi na kosa lake.

Kinachomsumbua mkaguzi wako ni mpangilio wa matukio ndani ya uzio wa kiwanda, na mpangilio huo unategemea saa zenu kukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Hivyo seva mbili tu zitoke kuuliza intaneti, na vifaa vingine vyote viziulize seva hizo kupitia waya wa ndani, ambako safari ni sehemu ya milisekunde na kosa haliwezi kuzidi nusu ya hiyo.

Anza kwa kufuta amri ya fundi kila mahali ilipo, na kuzima programu nyingine yoyote inayogusa saa, kwa kuwa mabwana wawili juu ya saa moja ni fujo. Kisha, kama seva zako zinatumia Linux, weka chrony, ambayo ni programu ya NTP, na uandike hivi katika faili yake ya mpangilio:

pool africa.pool.ntp.org iburst maxsources 4
server 192.168.1.11 iburst
driftfile /var/lib/chrony/drift
makestep 1.0 3
rtcsync
allow 192.168.1.0/24
local stratum 10 orphan

Mstari wa pili ni anwani ya seva mwenzake, na kwa seva ya pili utageuza iwe 192.168.1.10. Vyanzo vya nje viwe vinne kwa sababu vikiwa viwili na vikagombana, hakuna njia ya kujua kipi kinadanganya. Faili ya drift ndiyo kumbukumbu ya tabia ya fuwele, ile ambayo amri ya fundi haikuwa nayo: intaneti ikikatika siku nzima, seva iliyokwisha kuijua fuwele yake kwa kiwango cha sehemu moja katika milioni hukosea kwa milisekunde 86 hivi. Mstari wa makestep unaruhusu saa irushwe katika vipimo vitatu vya mwanzo tu baada ya programu kuanza, iwapo kosa linazidi sekunde moja. Hapo ndipo mahali halali pa kurusha, kabla hifadhidata haijaamka, na amri ya chronyc waitsync inaweza kuifanya hifadhidata isubiri. Mstari wa mwisho huziwezesha seva zako kuendelea kutoa saa moja hata pale mnapokosa intaneti kwa muda mrefu, na bila neno orphan kila seva ingeshika njia yake. Kwa kuwa umeme hukatika, angalia pia betri ndogo ya bodi kuu, maana ikifa kompyuta huamka na tarehe ya miaka ya nyuma na kukataa vyeti vyote vya usalama vya tovuti.

Kompyuta za Windows ambazo hazimo katika domeni, yaani kundi la kompyuta zinazosimamiwa na seva kuu, zielekezwe hivi:

w32tm /config /manualpeerlist:"192.168.1.10,0x8 192.168.1.11,0x8" /syncfromflags:manual /update

Kama zimo katika domeni, usiziguse. Zinafuata seva ya domeni zenyewe, na ni ile yenye jukumu la PDC, yaani seva kuu ya domeni, pekee inayopaswa kuelekezwa kwenye chanzo chako. Ukizivuruga na tofauti ikapita dakika tano, Kerberos, mfumo unaothibitisha watumiaji wanapoingia, kwa mpangilio wake wa kawaida itawafungia watumishi nje.

Kamera nyingi zina sehemu ya kuandika anwani ya seva ya NTP, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeelekezwa kwenye seva ya mtengenezaji. Badilisha, kisha hakikisha mashine inayorekodi picha haiziamrishi kamera saa yake yenyewe. Mizani ni jambo jingine. Kionyeshi cha mizani mara nyingi hakijui mtandao wa saa, na sioni sababu ya kuhangaika nacho: programu ipokee uzito tu, na muda wa tukio uandikwe na seva ya hifadhidata wakati rekodi inapoingia.

Fundi wa pili amekutajia kitu cha kweli mahali pasipohitajika. PTP, ambayo ni kiwango cha IEEE 1588 kilichotoka mwaka 2002 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2008 na 2019, hufikia usahihi wake kwa sababu muda hupigwa na kadi ya mtandao yenyewe pakiti inapopita mlangoni, na kwa sababu kila swichi njiani hushiriki, ama kwa kuwa saa yenyewe au kwa kutangaza pakiti ilikaa ndani yake kwa muda gani. Ukiiendesha juu ya swichi za kawaida za dukani, foleni za swichi hizo humeza faida yote uliyoilipia. Minara ya simu inayohitaji kukubaliana ndani ya mikrosekunde 1.5 inaitaka, na kanuni za Ulaya zinazowabana wafanyabiashara wa hisa wa kasi kubwa kwa mikrosekunde 100 zinawasukuma huko. Lori la kahawa linalochukua dakika kadhaa kupanda mizani na kushuka halimdai mtu nanosekunde, na anayekuuzia nanosekunde kwa kazi hiyo ama hajui anachouza au anajua vizuri sana.

Nitoke kidogo kwako niwaambie na wengine, kwa kuwa barua kama yako ni nyingi. Kuna wanaoambiwa kwamba wakichukua saa kutoka seva ya Ulaya watapata saa ya Ulaya. NTP hubeba UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, na saa tatu za Afrika Mashariki huongezwa na kompyuta yako mwenyewe kwa mpangilio wa Africa/Dar_es_Salaam, ambao Windows huuorodhesha kwa jina la Nairobi. Anayeacha mpangilio huo ukiwa mbovu kisha akasogeza mishale kwa mkono anatengeneza kompyuta inayoonyesha saa nzuri na kuandika rekodi za uongo. Kuna mafundi wanaofungua mlango namba 123 wa ruta kwa dunia nzima ili saa ipite, ilhali maswali yanayotoka ndani hurudishiwa majibu bila kufungua chochote, na seva za NTP zilizoachwa wazi namna hiyo ndizo zilizotumiwa katika mashambulizi makubwa ya mtandao mwanzoni mwa mwaka 2014. Wabaya kuliko wote ni wale wanaorudisha tarehe nyuma makusudi ili programu iliyokwisha muda wa leseni iendelee kufunguka. Huyo anakuokolea fedha kidogo na kukuachia mafaili ya hesabu ambayo hakuna mkaguzi, wala mahakama ikifikia huko, itakayoweza kuyaamini, na nakala za akiba zitakazofuta faili mpya zikidhani ni ya zamani.

Kabla hujamlipa yeyote atakayekufungia mfumo huu, subiri wiki moja, kisha mwambie aandike chronyc sources mbele yako. Chanzo kimoja kiwe na alama ya nyota, safu ya Reach isomeke 377, maana yake maswali manane ya mwisho yote yamejibiwa, na kusiwe na mstari wenye herufi x. Kwenye kompyuta ya mizani, w32tm /stripchart /computer:192.168.1.10 ionyeshe tofauti ya milisekunde chache, asubuhi na tena saa nane mchana bati likiwa limepata moto.