Nimemtukana baba mkwe kwenye grupu la ukoo

Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mhehe, nimeolewa na Mnyakyusa, tunaishi Uyole. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wa mume wangu ulizuka ubishi kuhusu yule mkimbiaji Caster Semenya na watu wanaobadili jinsia. Baba mkwe akarusha picha ya mjukuu wake wa kike wa kidato cha pili akiwa na jezi ya mpira, akaandika: "Hata sisi tunaye wetu." Watu wakacheka. Nikapandwa na hasira, nikatuma ujumbe wa sauti nikamwita mzee asiye na haya, kisha nikajitoa. Sasa mume wangu anataka niende Tukuyu kupiga magoti, na shemeji ananitishia polisi kwa sheria ya mtandao. Nikiomba radhi, si nitakuwa nimekubali maneno yake?
Mkamwana, Uyole

Marahaba, mwanangu.

Umenieleza ya mzee, ya mume na ya shemeji, lakini huyo binti umempa mstari mmoja tu. Ameshajua? Kama mama yake yumo kwenye grupu, na simu ya mama ndiyo watoto wanayogombania jioni, basi vicheko hivyo amevisoma. Anza naye kabla hujapanda gari la Tukuyu. Usimhoji habari za jinsia yake, hajakuuliza, na jezi ni jezi. Mwambie picha umeiona, imekuudhi, na mechi yake ijayo utakwenda kuitazama. Wifi yako naye amwambie admini aifute. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanagrupu yeyote.

Radhi utaomba. Umeolewa kwa watu ambao zamani mkamwana alipomwona baba mkwe anakuja alipinda njia, sembuse kujibizana naye. Desturi hiyo imelegea, na simu imewakusanya wote sebule moja usiku kucha. (Mimi ningeyaacha magrupu ya ukoo yawe ya misiba na michango tu, lakini nani atanisikiliza.) Hata kwenu Iringa mkwe hatukanwi, ila neno lako kule limekuwa zito kuliko ulivyolipima.

Usiombe grupuni, kila mtu atatia neno lake. Tanguliza mama mkwe akusemee, kisha uende mwenyewe useme: "Baba, nilikukosea kukuita vile, nisamehe. Ila picha ya mtoto bado inaniuma." Hapo umeomba radhi kwa tusi, na hoja yako umebaki nayo. Mzee ana haki ya kuamini anachokiamini, na wazee wengi wa makanisa ya Rungwe wako upande wake. Ungemjibu kwa hoja tu, asingekuwa na pa kukushika.

Na hoja zenyewe mlizichanganya. Semenya hajabadili jinsia. Alizaliwa na kulelewa msichana huko Limpopo, Afrika Kusini, akachukua dhahabu ya mita 800 Berlin mwaka 2009 akiwa na miaka 18. Ugomvi wake na wakuu wa riadha ulihusu homoni za kiume ambazo mwili wake unazitengeneza wenyewe. Wao walitaka azishushe ndipo akimbie na wanawake. Mtu anayejitambua kwa jinsia tofauti na aliyoandikiwa alipozaliwa ni habari nyingine. Mwaka 2019 mahakama ya michezo ilimkatalia Semenya. Julai 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema mahakama ya Uswisi, alikokata rufaa, haikumsikiliza ipasavyo, lakini kanuni za riadha hazikufutwa. Wanasheria wamekesha nayo miaka yote hiyo, nyie mkataka muimalize usiku mmoja kwa emoji za kucheka.

Kuhusu shemeji, usikose usingizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na faini ya kumnyanyasa mtu mtandaoni haipungui shilingi milioni 5. Ila akienda polisi ataipeleka simu yenye sauti yako, na juu yake kuna picha ya mtoto wa watu na wote waliocheka, pengine yeye mwenyewe akiwemo.

Nimebaki na swali la mumeo. Usiku ule alikuwemo grupuni, aliandika nini? Kama alinyamaza, msafiri wote wawili kwenda Tukuyu, na ukishamaliza kupiga magoti yako, yeye aseme mbele ya baba yake neno moja la kumtetea mpwa wake.