Usianze Stargate SG-1 kwenye msimu wa 4, utawakosa Sha're na Skaara

Usiruke msimu wa kwanza. Umeandika kwamba umeshauriwa kuanza Stargate SG-1, tamthilia ya watu wanaosafiri sayari hadi sayari kupitia lango la nyota, kwenye msimu wa 4 kwa kuwa ya nyuma yake yamechakaa, na kwamba ukisoma orodha ya watawala wa Goa'uld, maadui wao wakuu, mapema hutapotea. Kisha umeuliza kama filamu ya 1994 iliyotangulia tamthilia hii ni ya lazima, na Tok'ra wanatofautiana vipi na Goa'uld. Ushauri wa namna hiyo hiyo ndio niliopewa mimi, tofauti ni kwamba nilielekezwa msimu wa 3, na uliniharibia jambo ambalo haliwezi kurudishwa, kwa sababu hakuna mtu anayeitazama hadithi kwa mara ya kwanza mara mbili.

Goa'uld ni kimelea. Umbo lake halisi ni la nyoka mdogo anayeingia mwilini mwa mtu, mara nyingi kwa kutoboa kisogo, akajishikiza kwenye uti wa mgongo na kuutawala ubongo. Tangu hapo macho ya mtu yule huwaka, sauti yake hugeuka nzito yenye mwangwi, na mwili wake huweza kuishi karne nyingi kwa msaada wa jeneza linaloponya majeraha na hata kufufua waliokufa. Kumbukumbu za wazazi hurithiwa pamoja na damu, kwa hiyo Goa'uld huzaliwa akiwa tayari anajua ukatili wa waliomtangulia. Wanajiita miungu na kujipa majina ya kale: Ra, Apophis, Heru'ur, Cronus, Nirrti, Ba'al. Hayo yote utayakuta kwenye orodha uliyopewa. Jambo ambalo orodha hiyo haikuambii ni kwamba mwenyeji, yaani mtu aliyeingiliwa, hajafa. Yumo ndani, anaona na kusikia kila kitu, anaitazama mikono yake mwenyewe ikiwaua watu wake, na hawezi kutamka hata neno moja.

Sisi tuliokulia kwenye habari za watu waliopandwa na pepo tunaweza kudhani kwamba tunalijua jambo hili, lakini pepo huwa na masharti: hupigiwa ngoma, hutaja anachokitaka, akipewa hutulia, na mtu hurudi kuwa mtu. Goa'uld hana mapatano na yeyote. Wao wenyewe hutangaza kwamba hakuna chochote cha mwenyeji kinachobaki, na uongo huo ndio msingi wa utawala wao wote, maana ukiuamini unaacha kumtafuta aliyemo ndani.

Mtu aliyenishauri aliuamini. Alikuwa akiandika kwa sauti ya mwalimu, ana jibu la kila swali, na aliniambia waziwazi kwamba wenyeji ni mavazi tu, nisipoteze muda nao, nikariri majina ya watawala na nani alimpindua nani. Bado nina hasira naye. Ningekuwa na mamlaka ningemhukumu aitazame tamthilia nzima kuanzia sehemu ya mwisho kurudi ya kwanza, bila sauti, labda angeelewa alichowanyang'anya watu.

Sasa sikiliza kilichotokea. Katika msimu wa 3 kuna sehemu inayoitwa "Forever in a Day". Inaanza katikati ya mapigano: Daniel Jackson, mtaalamu wa mambo ya kale katika kikosi cha SG-1, anaingia ndani ya hema, humo yumo mwanamke mwenye kile kifaa cha kiganjani cha Goa'uld, na mwanamke huyo anamwelekezea Daniel mwale kwenye paji la uso hadi anapiga magoti. Teal'c, mwenzake wa kikosi, anatokea, anafyatua fimbo yake ya moto, na mwanamke anaanguka. Mimi nilishangilia. Kwenye orodha yangu aliandikwa Amaunet, malkia wa Apophis, nami nikalikata jina hilo. Sikujua kwamba niliyemwona akianguka ni Sha're, mke wa Daniel, na kwamba Daniel alikuwa amemtafuta sayari hadi sayari tangu sehemu ya kwanza kabisa.

Ungekuwa umeanza mwanzo, ungefika kwenye hema lile ukiwa na mzigo wote. Ungemwona Sha're katika "Children of the Gods", sehemu iliyofungua tamthilia mwaka 1997, akiishi na Daniel kwenye sayari ya Abydos kwa furaha ya watu waliokwisha tulia. Ungemwona Apophis akipita kwenye lango la nyota na kumteka yeye pamoja na kaka yake Skaara, wakati Daniel yuko mbali akiwaonyesha wenzake ukuta wenye anwani za sayari. Ungemwona akipelekwa mbele ya Apophis akiwa mateka, mtoto wa nyoka akichungulia kutoka kwenye tumbo la mbebaji wake, kisha kumgeukia yeye. Halafu ungekutana naye tena katika msimu wa 2, kwenye "Secrets", akiwa mjamzito wa mtoto wa Apophis. Kwa sababu ya mimba ile, Amaunet analazimika kulala ili mtoto asidhurike, na kwa muda mfupi Sha're anazungumza na mumewe kwa sauti yake mwenyewe. Anajua kwamba mtoto akishazaliwa atafungiwa tena ndani. Daniel naye anajua. Mtu aliyeyatazama mazungumzo yale hawezi kushangilia ndani ya hema.

Na kuna zaidi. Wakati ule mwale unamchoma Daniel, Sha're anautumia ule ule kumfikishia ujumbe kuhusu mtoto wake na kumsihi amsamehe Teal'c. Amefungwa ndani ya mwili wake kwa miaka, na anapopata upenyo mdogo kuliko yote anautumia kumlinda mwanawe na kumwombea mtu anayemuua. Mimi niliona sehemu hiyo kama ndoto ndefu isiyo na maana, nikaanza kutazama saa.

Skaara naye ni hivyo hivyo. O'Neill, kiongozi wa SG-1 aliyempoteza mwanawe wa kumzaa, alimpenda kijana yule kama mwana, na mwishoni mwa msimu wa 1 analazimika kumpiga risasi ili kumwokoa Daniel, kwa kuwa wakati huo anayeitumia mikono ya Skaara ni Klorel, Goa'uld aliyemwingia. Baadaye, katika "Pretense" ya msimu wa 3, Watollan, watu wa sayari nyingine walioendelea sana kiteknolojia, wanaendesha kesi ya kuamua mwili ule ni wa nani, na wanatumia kifaa kinachowawezesha wote wawili kusema kwa zamu kupitia kinywa kimoja. Hapo kijana anajitetea kwa maneno yake, na anayemsimamia Klorel anadai kwamba Goa'uld ni viumbe bora na wana haki ya kuchukua. Hakuna sehemu nyingine inayouweka uovu wao mezani kwa uwazi kama hiyo, na ukianza na msimu wa 4 utakuta imeshapita.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kila Goa'uld anapotokea, kabla ya kuuliza ana jeshi gani, uliza mwili ule ulikuwa wa nani. Ukiishika hiyo, swali lako la Tok'ra linajijibu. Ni viumbe wa asili ile ile, wazao wa malkia Egeria, lakini wao huingia kwa ridhaa na humwachia mwenyeji sauti yake. Jacob Carter, baba wa Samantha Carter wa SG-1, alikuwa anakufa kwa saratani alipokubali kumbeba Tok'ra aitwaye Selmak, na baada ya hapo utawasikia wote wawili wakizungumza, kila mmoja kwa zamu yake. Tok'ra pia hawalitumii lile jeneza, kwa kuwa linaharibu roho ya anayelitumia, na kwa uamuzi huo wanakubali maisha mafupi zaidi.

Filamu itazame kwanza, ndiyo. Alexis Cruz anacheza Skaara humo na pia kwenye tamthilia, na mapenzi ya O'Neill kwa kijana yule yanaanzia pale. Usibabaishwe na Ra wa filamu kutokuwa nyoka, kwa sababu habari ya nyoka ilikuja na tamthilia.

Nakubali kwamba msimu wa 1 una sehemu dhaifu, na "Emancipation" unaweza kuiacha bila hasara. Lakini "The Enemy Within" usiiguse kwa kidole cha kusogeza mbele: Kawalsky, rafiki wa O'Neill aliyeingiliwa na Goa'uld, anafanyiwa upasuaji, kila mtu anaamini ameokolewa, na anayefumbua macho si yeye. Kama tayari umeanza msimu wa 4, simama kabla ya "The Curse", ambamo Goa'uld aitwaye Osiris anamchukua Sarah Gardner, mwanamke ambaye Daniel alimfahamu kabla ya haya yote. Rudi kwanza kwa Sha're, ndipo utaelewa kwa nini Daniel hamwachi Sarah hadi anapomtoa katika msimu wa 7.