Mama anaogopa CT scan ya tumbo

Dada, pole na kuuguza. Mwambie mama hafungiwi ndani ya mashine hiyo ya kupiga picha za ndani ya mwili kama anavyodhani. Ni duara kubwa lililo wazi pande zote mbili, naye analala juu ya kitanda kinachosogea taratibu. Picha zenyewe ni dakika chache, ataambiwa tu abane pumzi.

Kinachoshtua wengi ni ile dawa ya mshipani inayong'arisha picha: joto hupanda ghafla, mdomo huonja chuma, na mtu hudhani amejikojolea. Hajajikojolea! Hupita upesi. Ila kama ana shida ya figo, mzio, au anameza metformin ya kisukari, semeni kabla hajachomwa. Na kabla ya kutoka Uvinza alfajiri kuja Kigoma mjini, ulizeni kama anatakiwa asile. Msimshindishe njaa bure. Hereni na mkufu aviache nyumbani.