Betri Haifi Bure: Maswali Yenu ya Chaji ya Pikipiki

Maswali ya chaji yamezidi tangu mvua zianze, na karibu yote yana sentensi ileile: "Nimeshabadilisha betri." Nimechagua yale yatakayowafaa wengi. Nyinyi mliouliza "pikipiki haichaji, shida nini?" bila kutaja aina ya pikipiki wala volti hata moja, pimeni kwanza, kisha mwandike tena. Mita ya bei ya chini kabisa ni nafuu kuliko betri moja, na kijiwe kizima kinaweza kuchangia moja.

Shikamoo fundi. Tangu mwaka uanze nimenunua betri tatu, ya mwisho haikumaliza wiki mbili. Betri za siku hizi ni feki? (Bodaboda, Makorora)

Marahaba. Betri mbovu zipo madukani, sikatai, lakini tatu mfululizo kwenye pikipiki moja? Hapo muuaji ni pikipiki. Usinunue ya nne mpaka umefanya vipimo hivi, kwa mpangilio huuhuu.

Anza na betri yenyewe. Itoe, ichajiwe hadi ijae. Betri ya 7Ah (ampea-saa 7) inataka ampea 0.7 kwa saa kumi hivi, si chaja ya gari inayoisukumia ampea kumi kwa saa moja. Iache itulie saa kadhaa, ndipo upime volti za DC (umeme wa betri, wa mwelekeo mmoja). Ikisoma 12.6 hadi 12.8, nzima. Ikiwa chini ya 12 baada ya chaji ya usiku kucha, huenda chumba kimoja kimekufa, na vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu watupe rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa koili kuwa DC na kuzuia volti zisizidi) isiyo na kosa.

Irudishe, washa injini na taa kubwa, weka ncha za mita kwenye vichwa vya betri. Ongeza mafuta taratibu mpaka mzunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika. Unataka kuona kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki kwenye 12 huku inashuka, haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi: maji ya betri yanachemka, sahani zinabaki wazi, betri mpya inakufa ndani ya siku chache. Itazame ile yako ya mwisho. Kama tumbo limevimba na maji yako chini ya alama, umeshapata jibu. Rektifaya haizuii tena.

Kama haichaji, chomoa soketi inayotoka kwenye koili za sumaku, zile zinazozalisha umeme injini ikizunguka. Kwa pikipiki yenye waya tatu za njano, weka mita kwenye AC (umeme unaogeuka mwelekeo), kipimo cha 200, piga resi, upime jozi zote tatu. Kitu cha kwanza cha kutafuta ni usawa. Zikisoma 45, 46 na 45, koili zinafanya kazi. Zikisoma 45, 45 na 12, kuna koili imekufa. Kisha zima injini, uhamie kwenye omu (kipimo cha ukinzani). Waya kwa waya isome ndogo sana, mara nyingi chini ya omu 1 (gusanisha ncha za mita kwanza, uondoe kile kinachosomeka). Waya kwa bodi isisome chochote. Ikisoma, koili imegusa chuma.

Hapo muwe waangalifu. Pikipiki nyingi za Kichina za waya nyeupe na njano hutoka kiwandani mwisho wa koili ukiwa umefungwa kwenye bodi, kwa hiyo kwao kusoma na bodi ni kawaida. Koili nzuri zimetupwa kwa kutojua hilo.

Koili nzuri, waya nzuri, fyuzi nzuri, na bado haichaji? Sasa ndiyo zamu ya rektifaya. Si kabla.

Nabeba samaki kutoka Deep Sea kila alfajiri. Soketi ya waya za njano imeyeyuka mara mbili. Fundi anataka kuikata asokote waya moja kwa moja afunge tepu. Nimkubalie? (Sahare)

Usimkubalie. Soketi haiyeyuki kwa sababu ni soketi. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi, yanachuruzika kutoka kwenye tenga hadi chini ya kiti, yanaingia kwenye vibati, shaba inaota kutu ya kijani. Kutu hiyo inazuia umeme, na umeme unaozuiwa hugeuka joto. Omu 0.3 tu, ikipitiwa na ampea 8, inatoa karibu wati 19. Hiyo ni kama kufungia balbu ya breki ndani ya plastiki ya soketi na kuiacha iwake kutwa. Waya za kusokotwa zitaota kutu vilevile, tena haraka zaidi, ila tepu itakuficha usione mpaka siku waya zigusane.

Kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Ukivua ganda ukakuta nyuzi nyeusi, kata tena. Weka soketi mpya yenye vibati vya shaba, bana kila kibati kwa koleo, tia lehemu kidogo, paka grisi, kisha uifunge ikitazama chini ili maji yasitue ndani.

Ukimaliza, pima upotevu. Injini iko kwenye mzunguko 4,000, taa imewashwa, mita iko DC: ncha moja kwenye waya nyekundu ya rektifaya, nyingine kwenye chanya ya betri. Isizidi 0.3. Rudia kutoka bodi ya rektifaya hadi hasi ya betri. Ukikuta volti 1 upande wowote, rektifaya inatoa 14.2 na betri inapokea 13.2, halafu lawama anabebeshwa muuza betri.

Na hilo tenga, libadilishe kwa ndoo yenye mfuniko usiovuja. Jioni suuza pikipiki kwa maji baridi ya bomba, bila presha. Hata msiobeba samaki, mnaoegesha Raskazone kwenye upepo wa bahari, fungueni soketi zenu kila baada ya miezi michache. Chumvi hiyohiyo inawafikia.

Taa ya mbele inafifia nikisimama, nikipiga resi inang'aa. Chaji imekufa? (Ngamiani)

Kama betri inasoma vizuri, hapana. Pikipiki nyingi ndogo taa yake inakula umeme wa koili moja kwa moja, haipiti kwenye betri. Imeundwa hivyo.

Fundi wetu anapima chaji kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka. Isipozima, anasema chaji ipo. Ni sahihi? (Kange)

Si sahihi, na ninaomba mumkataze leo. Pikipiki nyingi CDI yake (kisanduku kinachotoa cheche ya plagi) inalishwa na koili yake ndani ya sumaku, kwa hiyo injini itaendelea kuwaka hata kama betri haipati kitu. Kipimo hicho hakionyeshi chochote. Kinachofanya ni kuharibu. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa rektifaya. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka, na zinazolipa ni balbu, rektifaya yenyewe, na CDI kama ni ya DC, yaani inayolishwa na betri. Fundi anayepima hivyo mwombe aweke mita. Akikosa mita, peleka kwingine.

Hii iwafikie pia wanaouliza kama wanaweza kuendesha bila betri kwa kuwa kiki inawasha. Msifanye hivyo.

Naweza kuongeza maji ya kisima kwenye betri? (Mabokweni)

Hapana. Ongeza maji yaliyosafishwa ya betri tu, na usiongeze asidi.

Nikiendesha nasoma 14.2, nikilala nayo usiku mmoja asubuhi stata hailii hata kidogo. Betri mpya. (Pongwe)

Umepima, ahsante, umerahisisha kazi. Chaji yako ni nzima, ila kuna kitu kinanyonya usiku. Toa funguo, chomoa kichwa cha hasi, hamishia waya ya mita kwenye tundu la 10A, uiweke mita katikati ya waya na betri. Usiguse stata mita ikiwa hapo, itaungua. Pikipiki isiyo na alamu inatakiwa isome sifuri au karibu yake. Ukikuta ampea 0.3, kwa saa kumi umepoteza 3Ah, karibu nusu ya betri ya 7Ah.

Anza na alamu, kisha waya za redio na chaja ya simu, moja baada ya nyingine. Zote zikiwa salama, chomoa soketi ya rektifaya huku ukitazama mita. Ikishuka hadi sifuri, dayodi (mlango wa umeme wa upande mmoja) ndani ya rektifaya imetoboka, inarudisha umeme wa betri kwenye koili. Rektifaya ya namna hii inaweza kuchaji mchana na kunyonya usiku, ndiyo maana haishukiwi.

Nimefunga redio yenye spika mbili na taa nne za LED. Niweke betri kubwa zaidi? (Duga)

Betri kubwa haizalishi umeme. Koili za pikipiki ya cc 100 hadi 150 kwa kawaida hutoa karibu na wati 100, nyingine juu kidogo, tena injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu. Taa kubwa inachukua 35, taa ya nyuma 5, chaja ya simu kama 10. Redio yenye fyuzi ya ampea 10 ina ruhusa ya kula hadi wati 120. Jumlisha. Ukiwa kijiweni injini imezimwa na muziki unapiga, unakula betri tupu, na betri kubwa itachukua muda mrefu zaidi kujaa tena. Punguza vyombo.

Na ile fyuzi mliyoibadilisha kwa kipande cha waya, irudisheni. Waya hiyo haitakatika. Kitakachoungua ni kifungu chote cha waya, pamoja na tangi lililo juu yake.

Koili imeungua kweli, nimepima. Nisuke upya au ninunue? (Muheza)

Ikipatikana ya pikipiki yako hasa, nunua. Kusuka ni sawa endapo msukaji anahesabu mizunguko ya koili ya zamani, anatumia waya ya unene uleule na kufuata mwelekeo uleule wa kuzungusha, kisha anapaka vanishi na kuikausha kwa joto. Akikwambia anakisia, ondoka. Kabla hujafunga, pima omu kati ya waya na bodi, weka gasketi mpya, na hakikisha waya zimebanwa mbali na sumaku inayozunguka. Na upime rektifaya ya zamani kwa kipimo cha dayodi cha mita kabla ya kuichomeka: waya nyekundu kwa kila njano isome upande mmoja tu. Ikisoma pande zote mbili, imekufa, na itaiunguza koili mpya pia.