Usifasiri landay kupitia Kiingereza kabla hujasomewa asili

Unakusudia kufasiri landay ishirini, yaani mashairi mafupi ya Kipashto, na ghazali (mashairi ya mapenzi) chache za Kidari, lugha mbili za Afghanistan, kutoka katika kitabu cha Kiingereza, na unauliza uanze na mshairi yupi na vitabu vya asili utavipata wapi. Weka kalamu chini kwanza, ndugu yangu, kwa sababu njia hiyo nimeipita na najua inakoishia.

Nilipokuwa naishi Hamburg, mji wenye Waafghani wengi, mhariri mmoja alinihakikishia kwamba Kiingereza kinatosha, kwa kuwa maana ni maana katika lugha yoyote. Mtu huyo hakujua hata neno moja la Kipashto, na bado hakuona haya kunishauri. Nilimsikiliza, nikachapisha nakala 200 za kijitabu kwa akiba yangu mwenyewe, na hasira yangu kwake haijaisha.

Landay ni shairi la Kipashto la mistari miwili, wa kwanza wenye mizani 9 na wa pili mizani 13, ambalo humalizikia kwa sauti ya "ma" au "na". Halina jina la mtunzi, na kwa sehemu kubwa huimbwa na wanawake, ambao humo husema kuhusu mapenzi, vita na ndoa za kulazimishwa yale wasiyoweza kuyasema hadharani. Sasa zingatia hili: katika Kipashto, mtu akisema kwamba amechoka, neno lenyewe hutambulisha kama msemaji ni mwanamume au mwanamke, lakini Kiingereza hulifuta jambo hilo lote. Nafsi ya msemaji ikanifikia bila sura, nami nikaivika kilemba. Nikazigeuza landay za wanawake kuwa kilio cha askari aliyeachwa na mchumba, na juu ya baadhi yake nikaandika jina la Khushal Khan Khattak, chifu na mshairi wa karne ya 17, kwa sababu tu ndiye Mpashtuni niliyekuwa nimemsikia.

Usiku wa kuyasoma, ukumbi ulipiga makofi. Kisha mama mmoja wa Kipashtuni, aliyekuwa akitafsiriwa na mwanawe, akaniuliza: "Mwanangu, haya tuliyaimba sisi. Mbona umempa mwanamume?" Nilisimama pale bila jibu.

Kwa upande wa Kidari kosa langu lilikuwa kinyume chake. Kiwakilishi "u" cha Kidari ni sawasawa na "yeye" wetu, hakitaji jinsia, ndiyo maana mpendwa wa ghazali anaweza kuwa mwanamke, mwanamume au Mungu mwenyewe. Mfasiri wa Kiingereza alilazimika kuchagua, akachagua mwanamke, nami nikaandika "binti". Kiswahili kingeupokea utata ule mzima mzima, lau ningeuchota kwenye chemchemi yake, na hilo linaniuma kuliko fedha zilizopotea.

Kwa hiyo, kabla hujaandika mstari mmoja, mtafute mtu aliyelelewa katika lugha hiyo akusomee asili kwa sauti, nawe umwulize kila mara: anayesema ni nani, na anamwambia nani? Mimi hufanya hivyo sasa na mama yule yule, nyumbani kwake, kila Jumapili. Landay moja hutuchukua jioni nzima, na tumefika ya kumi na moja.