Kabla ya kuhamisha timu, ulizeni ukumbi ni wa nani

Swali lenu la wiki hii: timu ya kulipwa inayokula hasara mwaka hadi mwaka ihamishiwe mji mwingine, au ibaki ilipo ipambane? Nitajibu kwa mfano wa mpira wa magongo wa barafuni wa Amerika Kaskazini, yaani ligi ya NHL, maana huko dawa hii imejaribiwa mara nyingi na matokeo yake yapo wazi. Jibu langu ni kwamba ihame, ila mwanzo ijulikane hasara inatoka wapi. Mara nyingi haitoki kwa mashabiki. Inatoka kwenye mkataba wa ukumbi.

Kwanza tuelewane kwa nini timu huko zinahama. Kwetu timu ikizidiwa hushuka daraja, na mambo yanaishia hapo. NHL haina kushuka daraja. Ina timu 32, na kila moja ni nafasi yenye bei yake. Mmiliki akishindwa, nafasi haifi: inauzwa, na mara nyingine inapandishwa ndege. (Wasomaji wa Tanzania wasishangae sana. Ihefu ya Mbarali iliamkia Singida mwaka 2024 ikiitwa Singida Black Stars.)

Sasa hesabu. Hadi msimu wa 2025–26 timu ya NHL ilikuwa ikicheza mechi 41 za nyumbani kwa msimu wa kawaida, na ligi hii hutegemea fedha za mlangoni kuliko ile ya futibo ya Kimarekani inayobebwa na televisheni. Tena fedha za mlangoni si tiketi tu. Kuna vyumba vya wateja wakubwa, maegesho, bia na chakula, matangazo ukutani, jina la ukumbi, na matamasha ya siku ambazo hakuna mechi. Timu inayomiliki au kuendesha ukumbi hupata vyote hivyo. Timu mpangaji hubaki na tiketi na vipande atakavyoachiwa na mwenye nyumba. Kwa hiyo watu 14,000 kwenye viti wanaweza kuwa faida mji mmoja na hasara mji wa pili.

Chukueni klabu moja tu. Winnipeg Jets waliondoka Kanada mwaka 1996. Ukumbi wao ulikuwa wa mwaka 1955, na walikuwa wakikusanya dola za Kanada huku wakilipa wachezaji kwa dola za Marekani, wakati dola ya Kanada ilikuwa senti 73 hivi za Kimarekani. Wakahamia Phoenix, Arizona, wakaitwa Coyotes. Shida ikasafiri nao. Ukumbi wa katikati ya Phoenix ulijengwa kwa mpira wa kikapu: kiwanja cha kikapu kina urefu wa mita 28.7 na upana wa 15.2, cha barafu ni karibu mita 61 kwa 26. Ukikilazimisha cha barafu humo, safu za chini zinang'olewa, na viti vya juu upande mmoja vinaning'inia juu ya barafu kiasi kwamba aliyekaa pale halioni goli lililo chini yake. Viti vya namna hiyo vikiwa maelfu, vinauzwa kwa bei ya kutupa au haviuzwi.

Mpango wa kujenga ukumbi mpya huko Scottsdale ukakwama, timu ikaenda Glendale Desemba 2003. Ukumbi mzuri, mahali pabaya. Glendale iko magharibi ya jiji, na wanunuzi wengi wa tiketi waliishi mashariki, huko Scottsdale, Tempe na Mesa. Mechi ya Jumanne inaanza saa moja jioni, na mtu anatoka kazini kwenye foleni. Mara moja kwa mwezi atavumilia, si mechi 41.

Mei 2009 klabu ikaomba ulinzi wa kufilisika. Jim Balsillie, tajiri wa Kanada, akaweka mezani dola milioni 212.5 ili aipeleke Hamilton, Ontario. Jaji akakataa: mahakama ya ufilisi haikuweza kuilazimisha ligi impokee mmiliki isiyemtaka, kwenye mji isioutaka. Wanaodhani ukiwa na fedha unahamisha timu wakumbuke kesi hiyo. NHL ikainunua yenyewe kwa dola milioni 140, na manispaa ya Glendale ikalipa milioni 25 kwa mwaka, miaka miwili, ili timu ibaki. Mwaka 2013 ukaja mkataba mwingine wa milioni 15 kwa mwaka kwa miaka 15. Madiwani wakauvunja mwaka 2015. Baada ya msimu wa 2021–22 manispaa haikuongeza muda wa pango.

Timu ya ligi kubwa ikaenda kucheza kwenye ukumbi wa chuo kikuu huko Tempe, wenye viti 4,600 hivi. Misimu miwili! Tumaini la mwisho lilikuwa kujenga juu ya dampo la zamani la Tempe. Mei 2023 wapigakura wa mji wakakataa, kila swali kati ya matatu likianguka kwa karibu asilimia 56. Aprili 2024 wachezaji, mikataba na haki za kuchagua vijana zikauzwa kwa Ryan Smith wa Utah kwa dola bilioni 1.2. Bilioni moja ilikwenda kwa mmiliki wa Arizona, milioni 200 kwa wamiliki wengine. Jina na rekodi zilibaki jangwani.

Angalieni hiyo milioni 200. Wamiliki wenzako hawakuruhusu uondoke bure, kwa kuwa mji mtupu ni mali yao. Seattle ililipa milioni 650 kuingia ligi kama timu mpya, Las Vegas milioni 500, na wamiliki waligawana fedha hizo. Kila mji mzuri unaojazwa na timu iliyohama ni ada ya uanachama ambayo hawataipata. Ndiyo sababu ligi huvumilia timu mgonjwa kwa miaka mingi kuliko akili ya kawaida inavyoruhusu.

Atlanta ni kisa cha upande wa pili. Wenye Thrashers, timu ya magongo ya huko, walikuwa pia na timu ya kikapu ya Hawks na haki za kuendesha ukumbi. Walitaka kuuza magongo tu na kubaki na jengo. Nani mwenyeji angenunua upangaji wa namna hiyo? Mwaka 2011 timu ikaenda Winnipeg kwa dola milioni 170, ambapo milioni 60 zilikuwa ada ya kuhama.

Na hapo Winnipeg walionyesha namna kazi hii inavyofanywa. Mnunuzi, kampuni ya True North, alikuwa tayari na ukumbi wake wa viti 15,004, akiutumia kwa timu ya daraja la chini, Manitoba Moose. Tangazo lilitoka tarehe 31 Mei, kura ya ligi ikapigwa tarehe 21 Juni. Katikati ya tarehe hizo wakaweka lengo la tiketi 13,000 za msimu. Wenye tiketi za Moose walinunua kwanza, kisha umma, na sehemu ya umma ikaisha kwa dakika 17. Mnunuzi alijifunga kwa miaka 3 hadi 5 kulingana na kiti, na foleni ya wanaosubiri ikawekwa ukomo wa 8,000. Kifungo hicho cha miaka kina kazi yake: shauku ya msimu wa kwanza ni rahisi, wa nne ndio unaoua.

Walichoshindwa kukwepa ni ratiba. Makundi ya ligi yalikuwa yamepangwa tayari, kwa hiyo timu ya uwanda wa baridi wa Kanada ilikaa misimu miwili kundi moja na Florida, Tampa Bay na Carolina. Safari ndefu, hoteli nyingi, wachezaji wamechoka. Hilo liwekwe kwenye bajeti.

Utah nayo ilikuwa na miezi sita tu kati ya Aprili na mechi ya kwanza tarehe 8 Oktoba 2024. Barafu yenyewe si kazi ya kutisha: mabomba ndani ya zege, kimiminika baridi kikizunguka humo, maji yakimwagwa tabaka kwa tabaka hadi unene wa sentimita 2.5 hadi 3, rangi nyeupe na mistari ikiwekwa katikati. Siku ya kikapu inafunikwa kwa mbao za kuzuia joto. Adui ni unyevu, milango ikiachwa wazi. Kazi ngumu ilikuwa viti. Delta Center ya Salt Lake City ni nyumba ya kikapu ya 1991, na msimu wa kwanza viti kama 11,000 tu kati ya 16,000 hivi vilikuwa vinaona barafu yote. Ukarabati mkubwa ukaanza 2025. Tofauti na Phoenix ni kwamba Smith ndiye mwenye jengo, na ndiye mwenye timu ya kikapu iliyomo. Viti vibaya ni vyake kuvitengeneza.

Msihame kabla jengo halijawa tayari. Hartford Whalers walikwenda North Carolina mwaka 1997 wakati ukumbi wa Raleigh ulikuwa bado unajengwa, wakaegeshwa Greensboro, karibu kilomita 130, kwenye ukumbi wa viti zaidi ya 20,000. Watu wa Greensboro walijua timu si yao. Wa Raleigh hawakutaka kuendesha gari umbali huo usiku. Ghorofa ya juu ikafunikwa kwa mapazia. Misimu miwili ikapotea, ingawa baadaye timu ilishika mizizi na kutwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 2006.

Lakini jengo peke yake halileti timu. Jiji la Quebec lilifungua ukumbi wa viti kama 18,000 mwaka 2015 na hadi leo halina timu ya NHL. Jengo tupu huwafaa zaidi wengine: mwaka 2007 Pittsburgh Penguins walikwenda kutazama ukumbi mpya wa Kansas City, na miezi michache baadaye mji wao ukakubali kujenga mpya. Walibaki, wakatwaa kombe 2009. Kwa hiyo mmiliki akianza kupigwa picha katika mji mwingine, wakazi waulize kwanza mkataba wa pango unaisha lini.

Winnipeg yenyewe haijamaliza mtihani. Kufikia 2024 tiketi za msimu zilikuwa zimeshuka kutoka 13,000 hadi karibu 9,500, mikataba ya mwanzo ikiwa imekwisha na kampuni nyingi za pale ni ndogo. Ukumbi wa viti 15,000 hauna nafasi ya kufidia: usiku mzuri hauwezi kuuza zaidi ya hivyo, na viti 3,000 vikiwa vitupu ni moja ya tano ya jengo zima.